Makueni Ikisomwa Kitui

Katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya, Kitui ni kaunti ya 15 na Makueni ni ya 17. Katikati yao kuna Machakos, 16. Ofisi nyingi huziandika kwa tarakimu tatu, 015, 016 na 017, ili safu inyooke vizuri kwenye karatasi. Sasa chukua hiyo 017 uiandike vilevile ndani ya programu ya lugha ya C, halafu uiambie kompyuta ikuonyeshe imesoma ngapi. Itakuonyesha 15. Umeandika Makueni, imesoma Kitui.

Hakuna kirusi hapo, na mashine haijaharibika. C imefuata sheria yake: nambari ikianza na sifuri inahesabiwa kwa msingi wa nane, si wa kumi. Kwa hesabu hiyo 017 ni nane moja na saba juu yake. Jumla, 15.

Jambo hili limenishughulisha kwa miezi. Mimi si msomi wa kompyuta. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na siku hizi naandika kwa malipo, na kazi za kuandika zikikauka nasafisha mafaili ya data ya watu. Lakini nimezaliwa Ukambani, na sifuri moja inayoweza kumvusha mtu mto Athi bila yeye kujua, naona inastahili kuandikiwa historia yake.

Historia yenyewe ni ya jambo moja: jina kugeuzwa nambari, na nambari kurudishwa kuwa jina. Serikali zimefanya hivyo kwa muda mrefu. Waandishi wa lugha za kompyuta nao wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Pande zote mbili zimegundua kwamba kwenda ni rahisi. Taabu iko kwenye kurudi.

Sifuri ilitoka wapi

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika maabara za Bell Labs kule Marekani, Ken Thompson alikuwa anatumia kompyuta ndogo iitwayo PDP-7. Neno moja la mashine hiyo lilikuwa na biti 18. Biti 18 zinagawanyika vizuri kwa makundi ya tatu tatu, na kila kundi la biti tatu linatosha tarakimu moja ya msingi wa nane. Kwa hiyo kwa watu wale kuandika nambari kwa msingi wa nane lilikuwa jambo la kila siku, kama mama mboga anavyohesabu nyanya kwa mafungu. Thompson alipotengeneza lugha yake ya B, aliamua kwamba sifuri ya mbele iwe ndiyo alama ya kusema "hii ni ya nane". Dennis Ritchie alipoijenga C juu ya B mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliichukua sheria hiyo kama ilivyo. Kutoka C ikaingia Java, PHP na JavaScript.

Wengine waliikataa. Python iliibeba hadi toleo la 3, lililotoka Desemba 2008. Tangu hapo ukiandika 017 inakataa kuendelea mpaka useme unachotaka. Haskell, lugha nitakayoirudia hapa chini, inasoma 017 kuwa 17, na ukitaka msingi wa nane sharti uandike 0o17.

Hebu sasa tuangalie sheria hiyo ya Thompson inafanya nini ikikutana na orodha ya kaunti zetu. Kuanzia 001 Mombasa hadi 007 Garissa, hakuna tofauti. Saba ni saba kwa msingi wowote kati ya hiyo miwili. 008 Wajir na 009 Mandera zina tarakimu ambazo msingi wa nane hauna, kwa hivyo C inalalamika, lakini JavaScript ya kizamani inanyamaza na kuzisoma kwa msingi wa kumi. Zimetoka salama. Halafu inafika 010. Hapo ndipo kila kitu kinarudi nyuma hatua mbili: Marsabit inasomwa Wajir, Isiolo inasomwa Mandera, Meru inasomwa Marsabit, Tharaka-Nithi inasomwa Isiolo, Embu inasomwa Meru, Kitui inasomwa Tharaka-Nithi, Machakos inasomwa Embu, na Makueni inasomwa Kitui. Ikifika 018 Nyandarua na 019 Nyeri, mambo yananyooka tena kwa muda.

Ukitazama vizuri, hizo nane, kuanzia 010 hadi 017, ndizo zilizokuwa Mkoa wa Mashariki, wote, bila kubakiza hata moja na bila kuongeza jirani. Thompson hakuijua Embu wala Isiolo. Imetokea tu kwamba mkoa wetu ulikuwa na kaunti nane, na orodha ikaupanga mahali ambapo hesabu ya nane inauma.

Faili la karo

Nimeiona ikiuma. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilikuwa linalipia karo wanafunzi wa sekondari wa Pwani, Kaskazini Mashariki na Ukambani. Kila kaunti ilikuwa na fungu lake. Nililetewa faili nipange majina kwa alfabeti na kuondoa yaliyojirudia, kazi ya siku mbili.

Mombasa ilikuwa sawa. Kwale sawa, Kilifi sawa, Garissa na Mandera sawa. Lakini chini ya Kitui kulikuwa na wanafunzi wa Wote, Kibwezi na Mbooni. Wa Mutomo, Mwingi na Kitui mjini hawakuwa popote. Nilipouliza, nikatumiwa faili la pili: "nje ya eneo la mradi". Walikuwa humo, wameandikwa Tharaka-Nithi, kaunti ambayo mradi haukuifikia. Wa Machakos walikuwa humo pia, wameandikwa Embu. Mtu alikuwa amebandika misimbo ya kaunti pamoja na sifuri zake moja kwa moja ndani ya programu ya JavaScript, na programu ikafanya ilivyofanya.

Hakuna aliyeshtuka kwa sababu kosa lenyewe lilionekana la maana. Makueni inapakana na Kitui. Kitui inapakana na Tharaka-Nithi. Kama mwanafunzi wa Wote angeandikwa Turkana, karani yeyote angecheka na kurekebisha. Ameandikwa kaunti ya jirani, nani atauliza? Kilichofichua ni majina ya shule, na ni kwa sababu tu aliyeyasoma anazijua shule zenyewe.

Faili lilirekebishwa kabla pesa hazijatoka. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi watu wanaotengeneza lugha za kompyuta walivyolishughulikia jambo hili, maana nilijua siwezi kuwa wa kwanza kulikuta.

Majina ndani ya mashine

Hapo zamani kompyuta haikuwa na njia ya kujua kwamba Jumatatu ni siku. Mwanaprogramu alijiandikia pembeni: 1 ni Jumatatu, 2 ni Jumanne, na kuendelea. Mashine iliona nambari tu. Ungeweza kuzidisha Jumatano kwa Ijumaa, ukapata 15, na mashine isikwambie kitu.

Mwaka 1970 Niklaus Wirth, profesa wa Zürich, alichapisha lugha yake ya Pascal. Ndani yake mtu angeweza kutangaza aina mpya kwa kutaja majina yake yote: hii ni aina ya siku, na siku ni hizi saba, basi. Tony Hoare aliieleza fikra hiyo kwa kirefu katika sehemu yake ya kitabu cha *Structured Programming* cha 1972, alichoandika pamoja na Ole-Johan Dahl na Edsger Dijkstra. Kuanzia hapo siku ilikuwa siku. Ukijaribu kuizidisha, kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika, inakurudishia kazi yako.

Lakini nambari hazikutoweka. Ukitaka kuhifadhi siku kwenye faili unahitaji tarakimu. Kwa hiyo Pascal ikatoa fanksheni ya ord: unaipa jina, inakupa nafasi yake kwenye mstari, ikianzia sifuri. Pascal sanifu haikukupa njia ya kurudi kutoka nambari hadi jina la aina uliyoitunga mwenyewe. Ulikuwa mlango wa kutokea tu.

C nayo ilipata orodha za majina baada ya kitabu chake cha kwanza cha 1978, lakini kwa tabia yake ya kutojali. Katika C jina la orodha ni nambari iliyovalishwa nguo. Weka 99 kwenye kisanduku cha kaunti, na C itakwambia sawa, boss.

Njia tofauti ilikatwa kwenye lugha za fanksheni. Hizi ni lugha ambazo programu ni mkusanyiko wa fanksheni kama za hesabu za shule: unaingiza kitu, unatoa kitu, na ukiingiza kilekile unatoa kilekile. Mwaka 1980, Edinburgh, Rod Burstall, David MacQueen na Don Sannella walieleza lugha ya Hope, ambamo aina ya data hujengwa kwa neno "au": kaunti ni Mombasa, au Kwale, au Kilifi. Ukiandika fanksheni juu ya aina hiyo, unajibu tawi kwa tawi. Fikra hiyo ikaingia Standard ML, ikaingia Miranda ya David Turner mwaka 1985, na ikaingia Haskell, ambayo ripoti yake ya kwanza ilitoka Aprili 1990.

Katika Haskell orodha yetu ingeandikwa hivi, nikiikata kati ili nisikuchoshe:

data Kaunti = Mombasa | Kwale | Kilifi | ... | Kitui | Machakos | Makueni | ... | Nairobi
  deriving Enum

Hayo maneno mawili ya mwisho yanaiomba lugha ikutengenezee njia mbili za bure: fromEnum, inayokutoa kwenye jina hadi nambari, na toEnum, inayokurudisha. Bure ina gharama zake, na ni tatu.

Ya kwanza ni kwamba Haskell inahesabu kuanzia sifuri kama Pascal, lakini Katiba inahesabu kuanzia moja. Kwa hiyo fromEnum Kitui ni 14, na 14 kwenye karatasi za serikali ni Embu. Makueni inakuwa 16, yaani Machakos. Hapa hatujagusa hata ile sifuri ya Thompson, na tayari tumepotea hatua moja.

Ya pili ni njia ya kurudi. Aina yenyewe inasema toEnum inapokea nambari yoyote na kutoa kaunti. Hiyo ni ahadi ya uongo, maana nambari hazina mwisho na kaunti ni 47. Ukiipa 300, haina la kukupa. Programu inaanguka hapohapo ikiwa kazini. Kompaila haikukuonya, kwa sababu ahadi iliandikwa kama kwamba inatimizika.

Ya tatu ni mpangilio, na hii inahitaji turudi nyumbani kwanza.

Orodha yenyewe

Kwa nini Makueni ni 17? Kwa sababu mwaka 1992 ilikatwa kutoka Machakos ikawa wilaya yake yenyewe, na kwenye Sheria ya Wilaya na Mikoa ya mwaka huohuo ikapata nafasi yake. Baada ya hapo marais waliendelea kutangaza wilaya mpya kwa tamko tu, hadi zikapita 200. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wilaya zilizoongezwa nje ya sheria ile ya 1992 hazikuwa halali. Katiba mpya ilipotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, kaunti zikafuata orodha ya 1992: kuanzia Pwani, kupanda Kaskazini Mashariki, kushuka Mashariki, halafu Kati, Bonde la Ufa, Magharibi, Nyanza, na Nairobi mwisho.

Mwingi ndiyo iliyoachwa nje. Ilikuwa imekatwa kutoka Kitui baada ya 1992, ikawa wilaya kwa miaka, ikahesabiwa peke yake kwenye sensa ya 1999. Ilipofika 2010 ikarudi ndani ya Kitui.

Matokeo yake kwenye vitabu ni haya. Sensa ya 1999 inasema Kitui ilikuwa na watu 515,422. Sensa ya 2009 inasema Kitui ina watu 1,012,709. Mtu aliye mbali, mwenye jedwali mbele yake na safu inayoitwa "Kitui", ataandika kwamba watu wa Kitui karibu wameongezeka maradufu kwa miaka kumi, na atatafuta sababu: uhamiaji, pengine, au uzazi. Sababu ni Mwingi, iliyokuwa na watu 303,828 mwaka 1999. Ukiwajumlisha, ongezeko ni kama robo hivi, jambo la kawaida tu. Machakos ilipata kinyume chake. Mwaka 1989 ilikuwa na watu kama milioni 1.4, mwaka 1999 ikawa na kama laki tisa. Hakukuwa na tauni. Makueni ilikuwa imeondoka na watu wake 771,545.

Sasa rudi kwenye Haskell. fromEnum haihifadhi nambari ya kaunti. Inahesabu tu ni ya ngapi kwenye mstari. Tuseme siku moja Mwingi inakuwa kaunti, na mwanaprogramu mwenye adabu anaiweka panapoeleweka, kando ya Kitui. Machakos inasogea, Makueni inasogea, kila mmoja hadi Nairobi anasogea. Programu itajengeka bila onyo hata moja. Lakini mafaili yote ya zamani, yaliyoandikwa kwa hesabu ya jana, yatasomwa kwa hesabu ya leo. Hata kufuta kunaleta hayo. Kupanga upya kwa alfabeti pia, kitu ambacho mtu hufanya jioni moja akisafisha kazi yake.

Serikali haikufanya hivyo. Kaunti zetu zina nambari zilizoandikwa kando ya majina yao. Mwingi ikija kesho itaweza kupewa 48, ikae nyuma ya Nairobi, haidhuru iko wapi kwenye ramani. Makueni itabaki 17. Nambari iliyoandikwa haiyumbi kama nafasi ya foleni inavyoyumba mtu akichomeka mbele yako.

Kwenda kwa mkono, kurudi kwa tahadhari

Basi njia salama katika lugha hizi ni kukataa cha bure. Unaandika mwenyewe:

nambari :: Kaunti -> Int
nambari Kitui = 15
nambari Machakos = 16
nambari Makueni = 17

na kadhalika hadi zote 47. Inachosha kama dakika kumi. Faida yake ni kwamba ukiwasha maonyo ya kompaila na ukasahau kaunti moja, itakutajia uliyemsahau kwa jina. Ukiongeza Mwingi mwakani bila kuipa nambari, itakwambia Mwingi haina nambari. Na ukibadilisha mpangilio wa majina, nambari hazitikisiki.

Kurudi unaandika hivi:

kaunti :: Int -> Maybe Kaunti
kaunti n = lookup n [(nambari k, k) | k <- [Mombasa ..]]

Kwa maneno: tembea kaunti zote, tafuta ile ambayo nambari yake ni n. Neno la kushika hapo ni Maybe. Linamaanisha jibu ni kaunti, au ni hakuna. Ukiuliza 300 unapata "hakuna", na lugha haikuruhusu kulitumia jibu kama kaunti mpaka useme utafanya nini ikiwa hakuna. Utaliweka jina pembeni likaguliwe? Utampigia simu mwalimu? Uamuzi ni wako, lakini huwezi kupita kana kwamba hukuulizwa. Tena unaona jedwali ni moja tu. Njia ya kurudi inaisoma njia ya kwenda, kwa hiyo haziwezi kutofautiana. Kinachobaki ni kujaribu kwamba kila kaunti ukiipeleka na kuirudisha inakuja yenyewe, jaribio ambalo pia lingenasa kaunti mbili zilizopewa nambari moja kwa bahati mbaya.

Kuna mtego mwingine ambao watu wa Makueni wataujua haraka. Makueni ni kaunti, 017. Makueni pia ni eneobunge ndani ya kaunti hiyohiyo, na msimbo wake ni 086. Kitui haina shida hiyo, kwa sababu maeneobunge yake manane yamegawana majina, Kitui ya Kati, Kitui Kusini, Mwingi Kaskazini na mengineyo, yakianzia 067 hadi 074. Sasa nambari 17 ikitembea peke yake ndani ya programu, ni kaunti ya Makueni, au ni eneobunge la 17 huko Pwani? Nambari haikumbuki ilikotoka. Katika Haskell unaweza kuifunga kila moja kwenye aina yake, msimbo wa kaunti kivyake na wa eneobunge kivyake, na ukichanganya kompaila inakataa. Ndani ya mashine zote bado ni nambari tu. Kizuizi kiko kwenye karatasi ya kazi, kabla programu haijaanza kukimbia.

Lazima niseme ukweli mmoja usiopendeza. Maybe pekee isingewaokoa wale wanafunzi wa karo. Nambari 15 iliyotoka kwa 017 si "hakuna". Ni Kitui, kaunti halali kabisa, na ukaguzi wa kurudi ungeipitisha. Tatizo lilikuwa limetokea mlangoni, wakati maandishi yanageuzwa nambari, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya jina. Dawa ya hilo ni kubadilisha mapema: msimbo ukiingia mlangoni ugeuzwe jina hapohapo, jina litembee humo ndani mwanzo hadi mwisho, na nambari irudi tu wakati wa kutoka.

Yua ya ndeke

Ukambani tulikuwa na orodha ya majina kabla hatujaletewa ya nambari. Miaka ilijulikana kwa njaa zake. *Yua* ni njaa kwa Kikamba. Kulikuwa na Ngomanisye, ile kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19. Kulikuwa na yua ya ndeke, njaa ya ndege, kati ya 1961 na 1962, chakula kilipodondoshwa kutoka angani. Kulikuwa na Nikw'a ngwete, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu anakufa pesa zikiwa mkononi kwa sababu hakuna cha kununua.

Mzee akiulizwa umri alijibu kwa jina: nilizaliwa yua fulani, nilitahiriwa kabla ya yua fulani. Jina hilo lilibeba mengi. Lakini kuna njaa zilizochukua zaidi ya mwaka, kuna zilizopewa majina tofauti kijiji kwa kijiji, na kuna miaka mizuri ambayo haikupewa jina. Karani wa kitambulisho alikuwa na nafasi ya siku, mwezi na mwaka, na hakuwa na nafasi ya "huenda". Kwa hivyo tuna wazee wengi mno waliozaliwa tarehe 1 Januari. Hakuna anayeamini kwamba mama zao walipangana. Ni fomu tu iliyolazimisha jibu mahali ambapo jibu la kweli lilikuwa "kati ya hapa na pale".

Wanahistoria wanaofanya kazi na masimulizi ya njaa hulinganisha jina moja na matukio mengine, mvua, nzige, jina la chifu, ndipo wanapoandika mwaka, na mara nyingi wanaandika miaka miwili au mitatu pamoja. Huo nao ni ugeuzaji salama. Hawalifuti jina baada ya kupata mwaka. Linabaki kwenye ukurasa, ili mwingine akija na ushahidi mwingine aweze kurudi nyuma na kukagua.

Ndivyo tulivyolipanga upya faili la karo. Kila mstari sasa una vitu viwili, msimbo na jina la kaunti, 017 na Makueni, na programu inavilinganisha kabla ya kufanya lolote. Visipokubaliana, mstari unawekwa pembeni na mtu anaitwa auangalie. Wa kwanza kuwekwa pembeni alikuwa msichana wa Kibwezi ambaye jina la kaunti yake lilikuwa limeandikwa Machakos. Tulipompigia alisema baba yake ndiye aliyejaza fomu, na baba yake alizaliwa kabla ya 1992.